Mlio wa Gobore la Mwisho

Sogeeni, wanangu, na wewe Verlin acha kusimama mlangoni kama mgeni. Ingia uketi, maana pumzi iliyobaki siwezi kuimaliza kwa kupaza sauti. Orpha, niinulie mto. Juu zaidi. Na hilo shuka liondoe miguuni, linaniudhi. Tangu alfajiri nageuka huku na huku, na ninyi mnanong'ona kwamba ni kifo. Kifo kitakuja, lakini kinachonikosesha usingizi ni lile gobore lililobanwa kwenye jiliwa kule karakana.

Shamba la kando ya kijito ni la Verlin, pamoja na nyumbu. Nyumba hii ni ya Orpha, na mablanketi ya viraka aliyoyashona marehemu mama yenu yasitoke humu. Ng'ombe mtamkamua kwa zamu, na msipelekane kwa wakili. Hayo yamekwisha. Iliyobaki ni karakana: mvukuto, tupa, nyundo, na ule muhuri wa chuma wenye jina la Rathbone, uliogongwa juu ya kila mtutu tuliotengeneza katika milima hii ya Karolina tangu enzi za babu yangu. Muhuri haugawanyiki.

Mnajua tulivyolitengeneza gobore lile. Mti wa kitako niliuangusha mwenyewe, ukakaa darini ukikauka mpaka mama yenu akachoka kuuliza. Michirizi ya ndani ya mtutu mliichonga wote wawili, mmoja akivuta, mwingine akisukuma, mkigombana njia nzima. Nikaunyoosha kwa jicho, nimefunga uzi kwenye upinde mbele ya dirisha, nikitazama kivuli cha uzi ndani ya mtutu na kugonga taratibu mpaka kivuli kikanyooka. Kisha mikono yangu ikaanza kutetemeka. Kiwashio, chenye jiwe la gumegume na kisahani chake cha baruti, akakitengeneza Orpha peke yake. Springi ya kwanza ikavunjika. Akafua nyingine.

Nawe Verlin, siku ile ya mashindano ya kulenga shabaha, ng'ombe wa zawadi ameshakatwa robo robo na washindi wanabeba nyama, baba yenu mdogo Garland anachimbua kwa kisu risasi zilizonasa kwenye kisiki cha shabaha akaziyeyushe upya, maana ndiyo zawadi pekee aliyoambulia, ukamwambia, "Kiwashio cha dada? Kitafaa kuwashia kiko. Mimi shavu langu siliweki hapo, bado nalihitaji." Garland akacheka mpaka akakaa chini. Akanigeukia: "Basi kaka, huo muhuri wenu utafutieni kaburi." Neno lile liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Sasa nataka kusikia. Kiwashio kibovu hutoa milio miwili: baruti ya kisahani inafyatuka, unangoja, ndipo mtutu unalipuka, na kulungu ameshakwenda zake. Kiwashio kizuri hutoa mlio mmoja tu. Nendeni nje. Orpha, shindilia baruti, upige mwenyewe. Nikisikia miwili, utupeni muhuri mtoni na msilaumiane. Nikisikia mmoja, karakana ni ya Orpha, na Garland aitwe aje atazame jina likigongwa. Niachieni dirisha wazi. Nendeni basi, mnanichelewesha.

…

Mmoja.

Ni mmoja, nimesikia vizuri. Rudini ndani, baridi inaingia. Orpha, unalia nini? Na mbona mikono yako safi? Verlin, hebu sogea kwenye mwanga. Shavu lako lina masizi ya baruti.

Ulimnyang'anya dada yako gobore… ukapiga wewe.

Usilinawe shavu hilo ulilosema huliweki pale, mwanangu. Nenda nalo hivyo hivyo kwa Garland. Kisha ushike mtutu usitikisike, dada yako agonge jina. Mnizike karibu na mama yenu, upande wa kijito. Mungu awape… mikono mitulivu, na muishi mkigombana kama mlivyozoea, lakini kwenye kazi moja. Orpha, nishushie mto. Chini zaidi. Hapo… hapo panatosha.