Kichaka cha Kule Bondeni

Mutahi, weka hiyo simu chini. Wangechi, songea hapa karibu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Nitasema kwa Kiswahili, si kwa Gikuyu, kwa sababu Nadifa, mke wa Mutahi, ameniosha miguu hii kwa miezi mitatu, na sitaki maneno yangu ya mwisho yamfikie kwa kutafsiriwa, ati kama habari za watu wengine. Sikilizeni, wanangu, msinikatize, maana pumzi niko nayo ya kwenda tu, si ya kwenda na kurudi.

Shamba mnalijua. Sehemu ya juu, kutoka barabarani hadi kwenye migomba, pamoja na kahawa na nyumba hii, ni yako Mutahi, kifungua mimba wangu. Panda hizo avokado unazoziota huko Ruring'u, sina neno. Ng'ombe ni wa Nadifa, maana anamsikia yeye kuliko anavyonisikia mimi. Sehemu ya chini, kile kichaka cha lantana kinachoteremka hadi mtoni, nitaifikia.

Mmekua mkijua tu kwamba baba yenu ana wazimu wa ndege. Nilikuwa kijana, sijaoa, nilipompeleka beberu wangu sokoni Nanyuki nikarudi na darubini kuukuu, na mama yangu akalia kama aliyefiwa, mtoto wake amebadilisha nyama kwa vioo. Lakini asubuhi ya kwanza nilipoielekeza kwenye maua nikamwona chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, kijani kikiwaka kifuani, nilijua nimeishi miaka ishirini na miwili kipofu. Wenzangu walikuwa na pombe, wengine siasa. Mimi nilikuwa na kwarara wakipita juu ya kahawa alfajiri wakigombana, na mwewe akizunguka juu ya Gatitu huku nikingoja gari hata nikaliacha gari liende. Nimecheka peke yangu mashambani mpaka watu wakaniogopa. Jirani yetu Gikonyo aliponiona nimeelekeza darubini upande wake, alienda kwa chifu kusema napima shamba lake niliibe, akapanda safu nyingine ya yale maua tunayopanda kuonyesha mpaka, tukakaa miaka tisa bila salamu. Msimchukie. Alikosea, lakini mimi nami nilikuwa na kiburi cha kutomweleza. Siku nilipompa darubini atazame mwenyewe, alikaa nayo mpaka chai yake ikapoa.

Sasa kule bondeni. Kulikuwa na familia ya ndege ambao hamtawapata Nairobi, wala pwani, wala Ulaya, ila katika mabonde machache ya huku kwetu: weusi, wamenyunyiziwa weupe kama watu waliotoka posho mill wamejaa unga, macho mekundu, na kelele! Hawaendi mmoja mmoja. Kinda hulishwa na baba, mama, shangazi na wajomba, kila mtu na mdudu wake mdomoni. Mama yenu Ngendo, Mungu amweke pema, ndiye aliyewaita Kamati.

Wangechi, mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na hili nimelificha miaka kumi na tisa. Wazee wa kina Wamae walipotuma neno kwamba wanatoka Kangari kuja kuleta mahari yako, nilitazama shamba langu kwa macho yao. Mnatujua sisi: mtu hupimwa kwa jembe lake, na shamba lenye kichaka ni la mvivu, hata mwenyewe awe mzee wa kanisa. Niliogopa waseme mtoto wao anaoa kwa mvivu. Nikaita wanaume wanne, na kwa siku mbili tukafyeka bonde lote mpaka mtoni, tukachoma. Ilikuwa Aprili. Walikuwa na makinda.

Wageni walikuja, wakala, wakaimba, na hakuna hata mmoja aliyetazama bondeni.

Ndege walizunguka pale siku tatu wakiita, kisha wakanyamaza. Na kila Wamae alipokuja hapa na sukari na mkate, nilimsalimu kwa ncha za vidole, wewe ukaamini kwamba simpendi mumeo, mkaacha kuja Krismasi. Sikuwa na lolote juu ya kijana yule. Nilikuwa nikimwona, naona moshi. Kosa langu nikambebesha yeye. Nisamehe, mama, na umwombe naye anisamehe.

Nikaacha miiba iote. Miaka kumi na mmoja nilikaa kwenye lile jiwe la bondeni kila asubuhi, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakukuwa na kitu. Mwaka wa kumi na mbili wakaja wanne. Mama yenu alitoka jikoni na mikono ya unga, akasema, "Hezekiah, Kamati imerudi," akalia, nami nikalia, wazee wawili kwenye umande. Sasa wako saba. Furaha ile, hata leo sijui niiseme vipi.

Kwa hivyo bonde ni la Wangechi. Usinune, Mutahi. Najua watasema binti aliyeolewa hapewi shamba. Lilifyekwa kwa jina lake bila yeye kuulizwa, basi yeye ndiye atakayesema lisifyekwe tena. Karatasi iko kwa wakili mjini. Darubini ni yako wewe. Sikulazimishi upende. Nakuomba asubuhi moja tu, ukae pale, unyamaze.

Maji kidogo, Nadifa... Ubarikiwe.

La mwisho. Nikifa, majirani watakuja na mapanga kusafisha boma, ndiyo desturi yetu, na mtu atasema kichaka kile ni aibu, wageni wa mazishi watatuonaje. Na ni Aprili tena. Wasiguse hata tawi. Tenti isimame huku juu, magari yaachwe barabarani, watu watembee.

Leteni vichwa vyenu hapa... wote, na wewe Nadifa. Mungu awape kula pamoja. Asiwaache... asimwache mtu awe peke yake. Thaai, amani iwe kwenu.

Na wageni wakiuliza... wakiuliza ni mvivu gani alikuwa anakaa hapa... msione haya, wanangu. Semeni... semeni ni baba yetu.