Ponnuthayi Hakurudi: Risala ya Wasusi wa Asmini wa Melapunjai kwa Mwandishi Vadivambal

Mgeni rasmi, mama yetu Vadivambal; wazee wa baraza la kijiji; na nyinyi waume zetu mliosimama kule nyuma mkijifanya mnapita njia,

Vanakkam. Karibu sana, Mama. Tumekungoja miaka mingi, na leo tuna furaha hata maua ya sokoni yamechelewa.

Ulikotoka

Ulianza kuandika ukiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, jikoni, nyuma ya karatasi za kalenda ya ukutani. Mhariri alikurudishia akisema hachapishi shajara za watu. Ukatuma tena kwa jina la baba yako, wakachapa. Wanaume wa hapa wakasifu: "Bwana huyu hodari, hata harufu ya wali ulioungua anaijua!"

Kabla yako, mwanamke wa riwaya zetu alikuwa ama anachungulia dirishani au anakufa kwa kikohozi. Wewe ulikuwa wa kwanza kumwandika anayeumwa mgongo kwa kazi na kumtukana dalali. Riwaya ishirini na mbili, Mama! Tunakupenda.

Tuliyofaulu

Kwetu mmoja husoma kwa sauti, wengine husuka mashada ya asmini, na fungu la maua la msomaji tunamsukia sisi. Hivyo wanawake kumi na saba wamejua kusoma, maana kila mmoja alichoka kungoja msomaji anywe chai pale pale penye utamu.

Kinachotusumbua

Hapa, Mama, tunaomba ukae vizuri. Tuna kosa la kuungama.

Gazeti lenye sehemu ya mwisho ya hadithi yako ya Ponnuthayi, yule mke aliyekimbia kipigo cha mumewe, lilifika siku tuliyokuwa na mashada ya harusi ya kusuka. Katika haraka, mwenzetu Rasathi alifunga shada la bwana harusi kwa ukurasa ule, likaondoka na basi la Madurai.

"We Rasathi! Umempeleka Ponnuthayi harusini kabla hatujajua kama karudi kwa mumewe!"

"Nilidhani tangazo la sabuni, dada. Nisameheni."

"Sasa itakuwaje?"

"Itakuwaje nini?" akadakia msomaji wetu wa siku ile. "Mtu kapigwa vile, atarudi? Hakurudi. Kafungua kibanda cha mikate ya idli stendi. Haya, sukeni!"

Basi ukawa ndio mwisho wake kwa miaka thelathini na mmoja. Tumewasimulia mabinti zetu. Mmoja wao, mumewe alipozidi kumpiga, alimbeba mwanawe na sufuria ya idli akaenda stendi kweli. Kibanda chake kinajaa kila asubuhi.

Mwaka huu kitabu kimechapwa upya. Mama mkwe wa binti huyo akaja nacho, akakipunga mbele yetu sote.

"Ukurasa wa mwisho huu hapa! Ponnuthayi wenu karudi, kapiga na magoti. Na wewe utarudi lini?"

"Mama, mimi si Ponnuthayi."

"Leo umekuwa si Ponnuthayi? Miaka yote hiyo ulikuwa nani?"

Shauri la kumrudisha kwa mumewe linasikilizwa na baraza Ijumaa, na kitabu chako kimepelekwa kama shahidi.

Ombi letu

Hatukuombi ubadilishe kitabu. Ni chako, ulikitolea jasho. Tunaomba Ijumaa uketi nasi mbele ya wazee hawa, uwaeleze kwa kinywa chako kama mwisho ule uliutaka wewe au aliutaka mhariri, na kama mwanamke wa kwenye karatasi anaweza kumrudisha mtu kwenye kipigo.

Ukisema Ponnuthayi alirudi kwa hiari, tutaendelea kukusoma na kukupenda vilevile. Ila mimi Selvanayaki, ninayekusomea risala hii, ndiye mwenye kibanda. Mchele wa idli za Jumamosi nitauloweka Ijumaa mchana, kabla baraza halijaketi.

Mungu akujalie macho ya kusomea, vidole vya kuandikia, na wasomaji wasiofungia maua hadithi zako.

Ni sisi wanao,
Wasusi wa Asmini wa Melapunjai