Siku ya Kurudi

Basi la kwenda uwanja wa ndege halijafika hata mzunguko wa kwanza, mshonaji aliyekaa mbele yangu alishajua kwamba jirani yake ni fundi bomba, na kwamba anapanda ndege ya bei kubwa.

"Safari ya dakika hamsini, kaka yangu! Unalipa mara mbili upewe juisi?" Ndege yake yeye haitoi hata maji, lakini aliisifu kama mkwe mwema.

"Rahisi ghali, dada."

"Methali hiyo waliitunga wenye maduka."

Fundi alicheka kidogo. "Nilianza kukata tiketi ya hiyo hiyo yako. Ikanitaka nichague siku ya kurudi, na ukishachagua haibadilishwi."

"Si ungechagua yoyote tu?"

"Naenda kwa baba. Hajala tangu juzi, na daktari amesema tumrudishe nyumbani. Nikichagua Jumapili, si nitakuwa nimempangia siku yake?"

Basi liliposimama, mshonaji aliinuka.

"Jumapili ni karibu mno," alisema. Kuhusu nauli hakukubali kitu, ila begi la fundi alilishusha yeye.