Viti vya Lako

Ndugu waombolezaji, mimi ni Rejoice, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Mwalimu Paska Kiden. Tarehe nimezihakiki na wajomba, nikikosea wanisahihishe baadaye, taratibu.

Mama alizaliwa Ludara, wilayani Koboko, tarehe 14 Machi 1961, akasomea huko huko, vita vikawakimbiza hadi Zaire mwaka 1980, akarudi na kuhitimu ualimu mwaka 1989. Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa hapa Ayivu na baba yetu, Kasimiro Acidri, wakajaliwa watoto watatu, Concy, Angelo na mimi.

Alifundisha mjini Arua wanafunzi wenye ulemavu wa akili, na tangu mwaka 2009 aliwatafutia kazi waliomaliza shule. Kwanza alikwenda yeye mwenyewe, akaifanya kazi hiyo mpaka aizoee, ndipo akampeleka mwanafunzi, wakafanya pamoja, kisha akajitoa kidogo kidogo.

Wa mwisho ni Lako, aliyempeleka Januari 2025 kwa mzee Yasiri, anayekodisha mahema na viti Koboko. Shuleni Mama alimzoeza kumpa mkono kila mkubwa, basi kwenye harusi ya kwanza Lako akasalimia uwanja mzima, bibi harusi akafika watu bado wamesimama. Yasiri akasema, "Mwalimu, kijana yako iko nasalimia watu tu, viti iko ndani ya gari." Mama alicheka, akakiri kwamba kosa ni lake, wakaanza upya, viti kwanza, salamu baadaye.

Yasiri aliahidi kumwajiri siku atakapoweza kufanya kazi bila Mama pembeni. Aprili sukari ikamharibu Mama figo, na hata kitandani aliuliza habari za Lako kabla ya kuuliza zetu. Alituaga Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, hospitalini Arua.

Leo asubuhi Lako ameshusha viti mnavyokalia, amevipanga vyote bila kusimamiwa, ndipo akapita kuwapa mikono, hata watoto hakuwaruka, na mzee Yasiri ameniambia kwamba kazi ni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ayivu mliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na mzee Yasiri kwa subira yake.

Mama, viti vimepangwa, watu wamekaa. Pumzika kwa amani.