Ng'ombe Mwenye Nundu ya Pamba

Kwenye kijiwe cha kahawa cha mama Kwandu, nyuma ya stendi ya Bariadi, asubuhi hiyo kesi ilikuwa moja tu: bango. Lilipandishwa jana ng'ambo ya barabara, bango la mnunuzi wa pamba, na juu yake ng'ombe mweupe ambaye nundu yake ni tumba la pamba lililopasuka, mzuri hata wapita njia wanasimamisha baiskeli. Lilichapwa dukani kwa Luhende. Na Luhende, aliyezoea kukaa katikati ya benchi, leo alijibanza pembeni, kahawa inampolea mkononi.

— Wewe Luhende, juzi ulichora kuku tukadhani buli, alisema Wakili, ambaye mahakama aliijua kwa kushtakiwa. Huyu ng'ombe umemtoa wapi?

— Ni Mungu tu, alisema Luhende, na papo hapo moyo ukamsuta. Jina la Mungu, kufunikia uongo!

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na kompyuta! alidakia Redio, fundi redio asiye na kitufe cha kuzimia.

— Kompyuta wapi! Huyu kaoteshwa, alisema Wakili. Jumapili wenzake wanapanga mstari wa komunyo, yeye kabaki kwenye benchi kainamisha kichwa. Nikajua tu, malaika anamwonyesha nundu.

— Basi malaika Msukuma huyo, alisema Redio. Ng'ombe anawajua!

Kijiwe kikaangua kicheko. Luhende naye akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamtia aibu.

— Na wale vijana uliowaambia walete michoro ya majaribio, eti atakayeshinda unamwajiri? aliuliza Kwandu akimimina. Wote walifeli?

— Walikuwa... bado wachanga, mama.

— Majaribio nayajua mimi, alisema Wakili. Shemeji yangu wa Nkoma aliazima maksai, eti amjaribu kabla ya kununua. Kalima shamba zima, kamrudisha: "Mvivu huyu, simtaki."

— Mwizi huyo! alipiga kelele Redio.

— Mwizi kivipi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria inamruhusu.

— Ni mwizi, alisema Kwandu, na hakucheka.

Luhende alikuwa akitafuta pa kuweka macho alipomwona binti akivuka barabara, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi la safari. Milembe, wa Lamadi.

— Mwangaluka, wazee, aliwaamkia kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu, waliitikia, wakimwita mama kwa heshima.

— Kaka Luhende, simu hupokei, nikaona nije mwenyewe.

Akageuka, akalitazama bango kwa muda. Alipomrudia Luhende hakuwa na hasira. Alikuwa amechanganyikiwa tu.

— Uliniambia mchoro wangu haufai, kazi sijapata. Sasa naukuta pale juu. Naomba unielekeze, kaka, ili nikiomba pengine nisirudie. Nilikosea wapi?

Wakili akaangalia viatu vyake mwenyewe.

— Hukukosea, alisema Luhende.

Lori la pamba lilikuwa linapita, likaimeza sauti yake.

— Eti, kaka?

Luhende akaweka kikombe chini, akasimama. Sasa ilimbidi aseme kwa sauti, wote wasikie.