Palvan, Kondoo Dume Aliyeikwepa Sufuria Mara Mbili

Marehemu Palvan alizaliwa mwezi Machi 2010 katika zizi la mchungaji mmoja wa milima ya Alai. Wazazi wake hawajulikani, wala hakuna aliyejali kuuliza. Oktoba mwaka huohuo alinunuliwa mnadani Kuva na mzee Normat, ambaye daktari alikuwa amemwambia hatamaliza baridi ile. Mzee hakutaka mkewe, Bi Holbuvi, ahangaike siku ya msiba, akanunua mapema kondoo wa sufuria ya matanga yake mwenyewe. Daktari alikosea kwa karibu miaka mitano, na muda wote huo marehemu alikula.

Elimu yake ilikuwa ya mashindano ya kondoo dume kupigana vichwa. Alikimbizwa kwenye maji ya mfereji ili akaze miguu, akalishwa mayai mabichi, ambayo Bi Sanobar, dada wa mzee na msomaji wa wasifu huu, hajawahi kupewa na kaka yake hata siku ya Idi.

Kikazi, aliingia uwanjani mara tatu. Mara ya kwanza mpinzani wake aliona watu akatimua mbio, na hapo ndipo marehemu alipopewa jina la Palvan, yaani bingwa. Mara ya pili alikimbia yeye. Mara ya tatu alimpa mpinzani kisogo, akala kofia ya mwamuzi. Akastaafu akiwa na miaka mitatu. Wapo wanaostaafu baada ya kufanya kazi.

Marehemu hakuoa. Aliletewa jike zuri la jirani, akalinusa, kisha akala majani yake.

Mzee Normat alifariki tarehe 19 Agosti 2015. Watu walipokuja na kisu, Bi Holbuvi alikuwa amemfungia bingwa kwenye kibanda cha tanuri na ufunguo ameufutika kifuani. Ikabidi kuazima kondoo wa jirani. Hivyo kwenye matanga aliyonunuliwa awe kitoweo, Palvan alihudhuria akiwa hai, na inasemekana alikula mkate.

Uzee ulimwingia mwaka 2020. Meno yakang'oka, macho yakaingia ukungu. Wanaoijua bustani ile wanajua mwisho wa Agosti ulivyo: pichi zinadondoka hakuna wa kuziokota, tini zinapasuka mtini, zabibu zinalemea chanja, matikiti yanapangwa mpaka chini ya kitanda. Katika neema hiyo Bi Holbuvi alikaa kivulini kila asubuhi akimmenyea kondoo pichi, akitoa kokwa, akiziponda kwa vidole na kumlisha. Wageni waliletewa zilizobonyea. Sanobar naye amebakiwa na meno manne, lakini hakuna aliyemuuliza anatafunia nini.

"Wifi, mchinje angali anapumua," Sanobar alimwambia. "Akifa kibudu, utauweka wapi uso mtaani?"

"Hapahapa ulipo, wifi. Nimeuzoea."

"Mnyama wa halali unamwachia kaburi? Watu watatucheka."

"Wacheke. Wakimaliza waje wachukue zabibu, zinaoza."

Tarehe 2 Septemba 2022 marehemu alianguka kati ya matikiti, asiinuke tena. Sanobar hakungoja ruhusa. Alimwita Kobil mchinjaji, akaja mbio na kisu ndani ya kitambaa.

"Mama, nimekuja kwa kazi ndogo tu," alisema Kobil.

"Kazi haina miguu, mwanangu. Utashika kisu nyumbani kwangu hujavunja mkate? Marehemu mzee Normat angesemaje?"

Kobil akakaa. Angefanyaje? Ukaja mkate, ikaja chai, zikaja zabibu nyeupe, kisha nyeusi, kwa kuwa mche wake aliupanda mzee na kuukataa ni kumtukana. Zikaja tini. Likaja tikiti, na tikiti likishapasuliwa haliachwi.

"Kobil, mnyama anakata roho," alisema Sanobar.

"Namalizia kipande hiki, mama. Dhambi kukitupa."

Bi Holbuvi alijaza kikombe cha Kobil kabla hakijaisha. Hakugeuka kumtazama kondoo hata mara moja. Angegeuka, angelia, na Kobil angesimama. Mwisho Kobil alinawa, akafunua kisu, akaenda. Akarudi akikifunga.

"Ameshakwenda, mama."

Marehemu anazikwa leo chini ya mkomamanga, maana nyama yake haifai tena kwa mtu yeyote. Majirani wameziba pua na kuapa kwamba matunda ya mti huu hawatayagusa. Oktoba, makomamanga yakiiva, si mbali; tutaonana hapahapa.

Ameacha zizi tupu, bustani inayodondosha matunda, na Bi Holbuvi, ambaye sasa analala peke yake kwenye ua huu. Leo asubuhi, kabla ya watu kufika, alimkuta wifi yake akiandika maneno haya. Mkononi alikuwa na bakuli la pichi zilizomenywa, zimetolewa kokwa, zimepondwa.

"Chukua, wifi," alisema. "Mikono imemenya yenyewe."

Sanobar alizila zote. Zilikuwa tamu, na lazima isemwe kwamba marehemu alizifaidi kwa miaka miwili bila hata kusema asante.

Apumzike kwa amani, kazi pekee aliyoijua vizuri.