Mama Kasoki Anaondoka, Uwanja Ubaki

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha mazoezi ya viungo katika shule yetu ya msingi hapa mtaani Himbi, Mama Kasoki Angèle anastaafu tarehe 2 Julai. Magoti yake yanafurahi. Sisi tunaobaki, tuseme ukweli, tuna hofu.

Alipofika kutoka Butembo, nyuma ya madarasa palikuwa na mawe matupu ya volkano, makali ya kuchana kiatu. Kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, aliwapa wazazi nyundo wayavunje, kisha wakamwaga mchanga juu, pakawa uwanja wa michezo. Mkurugenzi wa wakati ule alitoka na malengelenge, na Mama Kasoki humtania hadi leo.

Si wote waliomwelewa. Mama mmoja, muuza unga kule sokoni Birere, alimjia akiwaka: "Mwalimu, ukikimbiza mutoto anarudia na njaa. Hiyo njaa tutaiweka wapi?" Mama Kasoki hakucheka, maana njaa si mchezo. Aliwaomba akina mama wapike uji kwa zamu, akasogeza somo lake lije baada ya uji. Muda si mrefu yule mama ndiye aliyeshika mwiko. Mwanawe alikuwa analala vizuri, na hakusinzia tena kwenye hesabu.

Kisha wakaja watoto waliokimbia vita, waliopitia kambi za Kanyaruchinya. Walikaa ukutani kimya, wakishtuka mlango ukigongwa. Hakuwauliza waliyoyaona, aliwapa mpira. Mmoja wao, Bénita, alipaza sauti, "Leta huku!", kabla hajamtajia yeyote jina lake. Walimu tulilia.

Sasa kamati ya wazazi inataka kujenga madarasa juu ya uwanja huo. Kweli, watoto wamebanana kwenye mabenchi. Lakini mtoto asiyekimbia, mifupa yake itakomaa vipi, na woga wake atautolea wapi? Kura inapigwa leo, mara baada ya sherehe hii ya kumuaga, na wa kumrithi hajapatikana.

Mama Kasoki amekataa kitenge cha zawadi. Ameomba tu wanakamati waruke kamba na watoto wao kabla ya kupiga kura. Mwenyekiti, Papa Mulumeoderhwa, amekubali huku akilalamika: "Niko muzee, mutanicheka."

Asante, Mama Kasoki. Tunakutakia pumziko jema, afya, na wajukuu wenye mbio. Ila usituage bado. Shika ncha moja ya kamba, mimi nashika nyingine, tuzungushe polepole, wanakamati wasije wakaanguka.